MAJERUHI WA RISASI WANAOPONA: HESABU ISIYOFIKA POLISI

Nchi Jirani



Kila mara silaha zinapolia katika nchi zinazopakana na Tanzania, taarifa ya habari huwa na sentensi moja ambayo masikio yamekwisha kuizoea: watu wanne wameuawa na wengine kadhaa wamejeruhiwa. Waliokufa hutajwa kwa idadi. Waliojeruhiwa hutajwa kwa neno "kadhaa". Neno hilo ni fupi, lakini mara nyingi ndani yake wamo watu wengi kuliko wale waliotajwa kwa idadi: mchungaji aliyevunjwa paja kwa risasi, mama aliyepigwa begani akichota maji, askari aliyepoteza jicho, kijana ambaye hatatembea tena kwa kuwa risasi ilipita katika uti wa mgongo.

Maelezo ya leo yanawahusu hao "kadhaa". Yanaeleza jinsi wanavyoweza kuhesabiwa, mahali wanapoweza kuhesabiwa, na kwa nini hesabu hiyo inamhusu askari jeshi na askari polisi sawasawa na inavyomhusu daktari.

Sababu ya majeruhi kutohesabiwa si ngumu kuielewa. Maiti ina taratibu zake za kisheria. Mtu akiuawa kwa risasi, polisi hufungua jalada, daktari hufanya uchunguzi wa maiti, kibali cha mazishi hutolewa, na jina la marehemu hubaki limeandikwa. Majeruhi hana taratibu kamili kama hizo. Akipata nafuu hurudi kwao, na habari zake huishia hapo. Tena wapo majeruhi wengi ambao hawafiki kabisa kituo cha polisi. Mmoja huogopa kudhaniwa kuwa mhalifu. Mwingine alipigwa na ndugu yake mwenyewe, na ukoo umekwisha kuamua kuyamaliza nyumbani. Mwingine alikuwa katika kundi la wezi wa mifugo, naye anajua atakayoulizwa. Mwingine hana makosa yoyote, ila kituo kiko mbali na nauli hana.

Lakini mtu mwenye risasi tumboni, awe mwema au mwovu, ana mlango mmoja ambao hana budi kuubisha. Mlango huo ni wa chumba cha majeruhi cha hospitali. Hapo hupita mwizi na aliyeibiwa, raia na askari, mshindi na mshindwa. Basi mwenye kutaka kujua silaha zinafanya nini katika nchi, na asimame mlangoni hapo akiwa na karatasi na kalamu.

Mfano wa kwanza wa kazi hiyo uko kaskazini mwa Kenya. Katika mji mdogo wa Lokichoggio, katika nchi ya Waturkana, karibu na mpaka wa Sudan ya wakati ule, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya upasuaji wa vita mwaka 1987. Majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan walisafirishwa kwa ndege hadi hapo kutoka viwanja vya vumbi vilivyoko mbali na barabara zote. Hospitali hiyo ilifanya kazi karibu miaka 20. Mwaka 2006, baada ya mkataba wa amani wa Sudan uliotiwa saini Januari 2005, ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya.

Madaktari wa Msalaba Mwekundu hawakuridhika na kutibu peke yake. Kuanzia mwaka 1991 waliweka kumbukumbu moja ya majeruhi kutoka hospitali zao za nchi mbalimbali, Lokichoggio ikiwa mojawapo. Kwa kila majeruhi yaliandikwa mambo machache: ameumizwa na silaha gani, sehemu gani ya mwili, muda gani umepita tangu aumizwe hadi afikishwe hospitalini, amepasuliwa mara ngapi, ameongezewa damu kiasi gani, na mwisho wake umekuwaje. Daktari mpasuaji Robin Coupland alitunga namna ya kupima majeraha ya vita ambayo haikuhitaji mtambo wowote. Mpasuaji hupima upana wa tundu la kuingilia na la kutokea, huangalia kama ndani ya jeraha mna nafasi ya kuingia vidole viwili, kama mfupa umevunjika, kama kiungo cha uhai kimeguswa, na kama vipande vya chuma vimebaki mwilini. Vidole viwili na macho mazuri vilitosha kuleta lugha moja ya majeraha baina ya madaktari wa mabara mbalimbali.

Kumbukumbu za namna hiyo zilifundisha mambo mawili ambayo kila kamanda anapaswa kuyajua.

La kwanza ni hili. Katika mapigano ya kawaida, kwa kila anayeuawa huwapo majeruhi zaidi ya mmoja, na mara nyingi huwa kadhaa. Coupland na mwenzake David Meddings walikusanya habari za vita vingi na kuzichapisha mwaka 1999. Walionyesha kwamba uwiano huo unapogeuka, yaani waliokufa wanapozidi waliojeruhiwa, pana jambo la kuchunguzwa. Huenda watu hao hawakufa vitani. Huenda walipigwa risasi wakiwa wamefungwa, au wamefungiwa mahali wasipoweza kukimbia. Kwa hiyo hesabu ya majeruhi ni shahidi. Inaweza kumtetea askari aliyepigana kwa kufuata sheria za vita, na inaweza kumfichua aliyezivunja.

La pili lilitoka Afghanistan. Mwaka 1997 Meddings alichapisha uchunguzi juu ya hospitali moja iliyopokea majeruhi wa eneo la Kandahar, kabla na baada ya vita kutulia katika eneo hilo. Wengi wangetazamia kwamba mapigano yakiisha wodi nayo itakuwa tupu. Haikuwa hivyo. Majeruhi wa silaha walipungua kwa takriban theluthi moja tu. Vita vilikwisha, lakini bunduki zilibaki mikononi mwa watu, nazo ziliendelea kujeruhi katika ugomvi, katika wizi, katika sherehe na katika michezo ya watoto.

Fundisho hilo linaugusa moja kwa moja ukanda wa wafugaji unaounganisha Uganda, Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia. Askari wakongwe watakumbuka kwamba majeshi ya Idi Amin yalipokimbia mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, huko Karamoja, liliachwa bila ulinzi. Maelfu ya bunduki yalichukuliwa na wafugaji. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulifanywa kwa mikuki na kuwa na wazee wa kuusuluhisha, ukawa vita vya bunduki. Serikali ya Uganda ilianza kukusanya silaha hizo Desemba 2001, ikairudia kazi hiyo kwa nguvu mwaka 2006, na mwaka 2021 ikaanzisha tena operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.

Hapa ndipo swali linapomkabili ofisa wa usalama. Atajuaje kama kazi ya kukusanya silaha imefaulu? Desturi ni kuhesabu bunduki zilizoletwa. Lakini bunduki iliyoletwa inaeleza kilichotoka, haielezi kilichobaki. Mtu aliye na bunduki mbili anaweza kuleta ile mbovu na kuificha ile nzima. Kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli ni mlango wa hospitali: je, majeruhi wa risasi wanaoletwa mwezi huu ni wachache kuliko wa mwezi kama huu mwaka jana? Wakipungua, nchi inapona. Wasipopungua, hata rundo la chuma likichomwa moto hadharani, kazi bado iko nyuma.

Katika nchi hiyo hiyo ya Uganda ndiko ulikopatikana mfano mzuri wa namna ya kuandika. Katika miaka ya 1990 madaktari mjini Kampala, akiwamo daktari mpasuaji Olive Kobusingye, walianzisha rejesta ya majeruhi katika hospitali ya Mulago na katika hospitali ya wilaya. Hawakungoja mashine. Walitumia fomu ya ukurasa mmoja ambayo muuguzi au karani angeweza kuijaza katika chumba chenye kelele na damu. Fomu iliuliza umri, jinsia, mahali tukio lilipotokea, majeruhi alikuwa akifanya nini, kilichomuumiza ni nini, na kama aliumizwa kwa ajali, kwa makusudi ya mtu mwingine, au kwa mkono wake mwenyewe.

Pamoja na fomu hiyo walitunga kipimo kinachojulikana ulimwenguni kwa jina la mji wao, kipimo cha Kampala. Kinatazama mambo matano tu: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Kwa alama hizo tabibu hujua nani ahudumiwe kwanza na nani anaweza kungoja. Kipimo hicho kimetumika katika nchi nyingi zenye hospitali zisizo na vifaa vingi. Hivyo basi, si kweli kwamba elimu ya kuhesabu majeruhi ni mali ya nchi tajiri. Sehemu yake nzuri ilizaliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Tena utajiri peke yake hautoshi, na ushahidi wa jambo hilo ni Marekani. Nchi ile ina bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko nchi nyingine yoyote. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa huko kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hesabu hiyo ya wafu inajulikana mpaka mtu wa mwisho. Lakini Marekani ilipoulizwa ni wangapi walipigwa risasi wakapona, kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa la kubahatisha. Ilijulikana tu kwamba kwa kila anayekufa wapo takriban wawili au zaidi wanaobaki hai.

Upungufu huo ulikuwa na chanzo cha kisiasa. Mwaka 1996 bunge la nchi ile, kwa kifungu kilichoitwa kwa jina la mbunge Jay Dickey, lilikataza fedha za kinga ya majeraha za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa zisitumike kutetea udhibiti wa bunduki. Kifungu hakikutaja kwamba utafiti wenyewe ni haramu, lakini wakuu wa kituo waliogopa, na utafiti ukakaribia kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Dickey mwenyewe baadaye alibadili msimamo, na mwaka 2012 aliandika gazetini kwamba utafiti huo ulipaswa kufanywa. Bunge lilitenga tena fedha za kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2019, dola milioni 25, zikagawanywa baina ya kituo hicho na taasisi za taifa za afya.

Katika miaka hiyo ya ukame, hesabu ya taifa ilitegemea sampuli ya hospitali zipatazo 100, katika mfumo uliokuwa umeanzishwa ili kufuatilia ajali za bidhaa za madukani. Majeruhi wa risasi hawagawanyiki sawasawa kama watu waliokatwa na visu vya jikoni. Hospitali moja ya mjini hupokea wengi kwa usiku mmoja, na nyingine hukaa wiki nzima bila kumwona hata mmoja. Hospitali chache zikiingia au kutoka katika sampuli, makisio ya taifa zima huyumba. Mwishowe wakuu wa takwimu hawakuweza kuyategemea makisio hayo.

Mwaka 2020 ndipo ulipoanzishwa mpango wa miaka mitatu uliopewa jina la FASTER, katika majimbo 9 pamoja na mji mkuu wa Washington. Badala ya kungoja ripoti za mwisho wa mwaka, idara za afya zilitumia habari ambazo vyumba vya dharura hutuma kila siku kwa mitambo. Mkondo huo wa habari ulijengwa baada ya mashambulizi ya mwaka 2001 ili kuonya mapema kama kuna sumu au maradhi ya mlipuko. Sasa ukatumiwa kufuatilia risasi kama vile mtu anavyofuatilia kipindupindu.

Matokeo yalionekana upesi. Ikilinganishwa na mwaka 2019, majeruhi wa risasi waliofika katika vyumba vya dharura walizidi kwa asilimia 37 mwaka 2020, asilimia 36 mwaka 2021, na asilimia 20 mwaka 2022. Ilionekana pia kwamba wingi wao huongezeka usiku wa manane, mwisho wa wiki, katika mwezi wa Julai na siku za sikukuu. Kamanda wa polisi anayepanga doria hahitaji kuelezwa thamani ya habari hiyo. Tena aliipata baada ya siku chache, hali zamani ingemfikia baada ya miaka miwili, wakati vijana waliopigana wamekwisha kuhama mtaa.

Hata hivyo, mitambo iliwafundisha Wamarekani kwamba kazi yote husimama juu ya neno moja linaloandikwa na karani wa mapokezi. Kwa Kiingereza neno linalomaanisha kupigwa risasi ndilo hilo hilo linalomaanisha kuchomwa sindano ya chanjo. Neno linalomaanisha bunduki limo pia katika jina la chombo cha kupigilia misumari na cha kubandikia gundi. Mtambo usiofundishwa vizuri humhesabu fundi seremala aliyejitoboa kidole pamoja na mtu aliyeshambuliwa kwa bastola. Ilibidi watunge kanuni za kuyachuja maneno hayo, na kuzisoma upya taarifa moja moja ili kuhakikisha kwamba kanuni zinafanya kazi.

Kiswahili nacho kina mtego wake, na afadhali ujulikane mapema. Karani akiandika kwamba mgonjwa "amepigwa", ameandika nini? Kwa Kiswahili mtu hupigwa ngumi, hupigwa rungu, hupigwa jiwe, hupigwa risasi, na pia hupigwa sindano. Rejesta yenye neno "amepigwa" bila neno la pili haina faida kwa yeyote. Na akiandika "risasi" peke yake, bado haijulikani kama ni ya bastola, ya SMG au goroli za gobore. Tofauti hizo ni kubwa kwa mpelelezi. Gobore huonyesha mhunzi wa kijijini au mwindaji haramu. SMG huonyesha njia ya magendo inayovuka mpaka.

Iko pia hatari ya kuandika nia isiyo ya kweli. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya namba za sababu za majeraha. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, aliyeshambuliwa kwa bastola hupewa namba X93, aliyepigwa kwa ajali W32 na zinazofuata, aliyejipiga mwenyewe X72 hadi X74, na yule ambaye nia haijulikani Y22 hadi Y24. Mpango huo ni mzuri. Lakini huko Marekani kanuni za uandishi ziliagiza kwamba nia isipotajwa, tukio lihesabiwe kuwa ni ajali. Daktari aliyekuwa akizuia damu hakuandika nia. Karani akafuata kanuni. Na watu wengi walioshambuliwa wakaingia vitabuni kama watu waliopatwa na bahati mbaya. Wachunguzi walioyarudia majalada waliligundua kosa hilo. Kosa hilo si dogo, kwani serikali inayoamini kwamba watu wake wanajipiga kwa bahati mbaya itafundisha usafishaji salama wa bunduki, wakati tatizo lenyewe ni majambazi.

Je, polisi afanye nini na hesabu za hospitali? Mji wa Cardiff, huko Wales, ulitoa jibu linalosomwa mpaka leo. Daktari mpasuaji wa nyuso Jonathan Shepherd aligundua kwamba watu wengi aliowashona baada ya ugomvi hawakuwamo kabisa katika vitabu vya polisi. Hospitali ikaanza kumwuliza kila majeruhi mambo machache: wapi, lini, kwa silaha gani, na washambuliaji walikuwa wangapi. Majina yaliondolewa, mahali na saa vikapelekwa polisi na kwa baraza la mji. Doria zikahamishiwa kwenye mitaa iliyotajwa, na bilauri za vioo katika vilabu vya pombe zikabadilishwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliolazwa kwa sababu ya mapigano walipungua kwa asilimia 42, wakilinganishwa na miji mingine ya namna hiyo. Cardiff silaha kubwa ilikuwa chupa na ngumi, si bunduki. Lakini njia ni ile ile, nayo baadaye ilichukuliwa na miji ya Marekani yenye tatizo la risasi.

Jambo la kushika hapo ni kwamba majina yaliondolewa. Hili ndilo shina la mazungumzo haya, na ndipo askari anapotakiwa kutafakari.

Rejesta ya hospitali ina nguvu kwa sababu moja tu: kila majeruhi hufika pale bila hofu. Siku itakapojulikana vijijini kwamba daftari la muuguzi ni mtego wa polisi, mlango huo utafungwa. Majeruhi atatibiwa porini kwa majani na maji ya moto. Wengine watakufa kwa majeraha ambayo yangepona kwa siku kumi, na hesabu itaonyesha kwamba majeruhi wamepungua, hali kwa hakika wameongezeka. Ofisa atapongezwa kwa ushindi usiokuwapo.

Hii haina maana kwamba mhalifu ahifadhiwe. Upelelezi wa kesi una njia yake, na hesabu ya usalama wa wananchi ina njia yake. Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo watu huiita PF3, ni ushahidi wa kupelekwa mahakamani kuhusu mtu mmoja na kosa moja. Rejesta ya majeruhi ni picha ya wilaya nzima, haina haja ya jina la mtu. Mambo haya mawili yakichanganywa yote mawili huharibika. Wala fomu ya polisi haikutungwa iwe kufuli ya chumba cha majeruhi. Damu inayotoka haingoji mhuri. Askari mwerevu humfikisha majeruhi kwanza, huacha daktari afanye kazi yake, kisha huuliza maswali yake kwa wakati unaofaa. Na majeruhi aliyeokolewa ni shahidi bora kuliko maiti.

Ukweli huu umeonekana pia magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu, ilizidiwa na mamia ya majeruhi, raia wengi miongoni mwao, wakiwamo wanawake na watoto. Katika hali kama hiyo vitanda huwekwa hata kwenye njia za kupitia, na ni rahisi kusema kwamba huo si wakati wa kuandika. Lakini ni wakati huo hasa ambapo mistari michache juu ya kila mtu, saa aliyoumizwa, mahali, silaha na sehemu ya mwili, hubaki kuwa habari pekee ya kuaminika baada ya kila upande kutoa tangazo lake. Askari wa Tanzania waliopelekwa Kongo mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kuingilia kati, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, wanafahamu jinsi uvumi unavyokimbia katika nchi ile. Daftari la hospitali ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoweza kuupinga uvumi.

Nchi za ukanda huu zimekwisha kukubaliana juu ya mambo makubwa. Azimio la Nairobi la mwaka 2000 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 zilizifunga serikali kushirikiana dhidi ya silaha ndogo ndogo, kwa kuzitia alama, kuziandikisha na kuziharibu zile za haramu. Hayo yanahusu silaha zenyewe. Hatua inayofuata ni kuifuata risasi mpaka mwisho wa safari yake, yaani mpaka katika mwili wa mtu. Bunduki hupita mipaka kwa siri. Majeraha yake hayana siri. Hospitali za Moroto, Lodwar na Goma zikiandika kwa namna moja, magendo ya silaha yataonekana yakihama kutoka wilaya hadi wilaya, hata pale ambapo hakuna mkamataji aliyemkamata mtu.

Kwa askari wa kawaida, wajibu katika jambo hili si mgumu. Anapomleta majeruhi hospitalini, atamke wazi mambo manne kabla ya kuondoka: saa ya tukio, mahali, aina ya silaha kama aliiona, na kama risasi ilipigwa kwa kusudi au la. Asichokijua aseme hakijui, asikisie, maana neno la kukisia likiingia daftarini hugeuka kuwa ukweli. Asimzuie muuguzi anayeuliza. Asiliombe daftari ili amtafute mtu. Na mkuu wake, anapoandika taarifa ya mwezi, asitosheke na idadi ya bunduki zilizokamatwa na watu waliouawa. Aiulize hospitali ya wilaya ni wangapi walioletwa wakiwa hai.

Siku taarifa hizo zitakapofika, msoma habari ataweza kutaja idadi ya waliojeruhiwa kama anavyotaja ya waliokufa, na mwenye jukumu la kuwalinda atajua aanzie wapi. Majeruhi aliyeko wodini hajui lolote juu ya takwimu. Analojua ni kwamba mguu wake hauponi upesi na watoto wako nyumbani. Kumwandika sawasawa ni kumzuia mwenzake asilazwe katika kitanda hicho hicho mwezi ujao.